Veda, Karisi na Kazi ya Kukumbuka

 Ndugu wasikilizaji wa Kibabi, na ninyi nyote mnaotusikia huko Masisi na Walikale, leo nataka tuzungumze juu ya maneno yenye umri wa miaka zaidi ya 3,000, ambayo kwa sehemu kubwa ya umri huo hayakuandikwa mahali popote. Ni nyimbo takatifu za Wahindu, zinazoitwa Veda, zilizotungwa kwa lugha ya Kisanskriti katika nchi ambazo leo ni Pakistani na kaskazini mwa India.

Pengine kuna mzee anayejiuliza, Kisanskriti na Masisi wapi na wapi? Jibu la kwanza ni jepesi. Tangu miaka ya 2000 askari wa India wamekuwa Kivu Kaskazini pamoja na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na ni wachache kati yetu wasiowahi kupishana na magari yao meupe njiani au kusikia habari za hospitali yao ya Goma. Wale wenye vilemba ni Masingasinga, wana dini yao na kitabu chao. Lakini wengi wa askari hao ni Wahindu, na tumekaa na majirani hao miaka mingi bila kujua wanasema nini wanaposali. Jibu la pili ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni. Namna Wahindu walivyoyatunza maneno yao inatuhusu sisi wa huku kuliko tunavyodhani, kwa sababu na sisi tuna maneno makubwa yaliyokaa mdomoni, na yanatuponyoka.

Veda ni nne. Ya kwanza, iliyo ya kale kuliko zote, ni Rigveda: nyimbo 1,028 zilizogawanywa katika vitabu 10, na beti zake zinapita 10,000. Wataalamu wanakadiria kwamba nyingi zilitungwa kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Samaveda huchukua beti nyingi za Rigveda na kuzitia sauti ya kuimbwa. Yajurveda ni maneno ya kusemwa wakati wa kutoa sadaka. Atharvaveda iko karibu zaidi na maisha ya nyumbani, ina maombi ya kuponya homa, ya kufukuza uchawi, hata ya kutafuta mapenzi. Baada ya hizo zikaja Upanishadi, mafundisho juu ya roho na asili ya vyote, kisha tenzi mbili ndefu, Ramayana na Mahabharata. Ndani ya Mahabharata mna Bhagavad Gita, beti 700, ambayo ndiyo Wahindu wengi huisoma nyumbani: mpiganaji Arjuna anashikwa na huzuni kabla ya vita, maana upande wa pili wamesimama ndugu zake na walimu wake, na Krishna, anayemwendeshea gari la farasi, anamjibu. Gita inastahili jioni yake peke yake. Mtu wa Masisi akisikia habari za vita vya ndugu kwa ndugu hahitaji maelezo marefu. Leo nabaki na Rigveda.

Ndani yake kuna nini? Kuna sifa za Agni, ambaye ni moto, mjumbe anayepeleka sadaka za watu juu mbinguni. Wimbo wa kwanza kabisa ni wake. Kuna Indra, mwenye radi, aliyeliua joka Vritra lililokuwa limeyafungia maji milimani, mito ikaachiliwa ikateremka. Kuna Usha, alfajiri, msichana anayefungua milango ya giza. Haya unaweza kuyatazamia katika nyimbo za dini. Lakini kuna mengine yanayonishangaza kila nikiyasoma. Katika kitabu cha kumi, wimbo wa 34, anasema mcheza kamari. Mke amemkimbia, mama mkwe hataki kumwona, wadai wanamfuata, na kila akiapa kwamba hatacheza tena, anasikia kete zikilia na miguu inampeleka kulekule. Mwishoni mungu anamshauri aziache kete, alime shamba lake, atosheke na ng'ombe alionao. Vijana wetu wanaomaliza pesa za koltani kwenye dau kabla ya Jumamosi kwisha wangeusikia wimbo huo kama umetungwa jana.

Katika kitabu hichohicho, wimbo wa 129, mtunzi anauliza ulimwengu umetoka wapi. Anarudi nyuma hadi wakati ambapo hakukuwa na kilichopo wala kisichopo, hakuna mauti wala kutokufa, giza juu ya giza. Halafu anamaliza kwa kusema kwamba huenda yule anayeutazama ulimwengu kutoka mbingu ya juu kabisa ndiye anayejua, au huenda na yeye hajui. Wimbo huo uko katikati ya maandiko matakatifu, na hakuna kuhani aliyethubutu kuutoa katika miaka yote hiyo. Mimi nawaheshimu sana kwa jambo hilo.

Na kuna wimbo wa vyura. Uko katika kitabu cha saba, wimbo wa 103. Ninyi wa Kibabi mnajua mvua za kwanza zinavyoshuka baada ya kiangazi na mabonde yanavyojaa sauti usiku. Mtunzi anasema vyura wamelala kimya mwaka mzima kama makuhani walioweka nadhiri, ngozi zimekauka. Mvua inawaamsha. Mmoja analia, mwenzake anamjibu kwa kulirudia neno lake, kama mwanafunzi anavyorudia neno la mwalimu. Mmoja ana sauti ya ng'ombe, mwingine ya mbuzi, rangi zao mbalimbali, jina lao moja. Wasomi wamebishana kama ni mzaha juu ya makuhani au ni dua ya mvua. Mimi naona ni dua, maana mwishoni vyura wanaombwa walete mali na maisha marefu. Lakini angalieni alichotuachia mtunzi bila kukusudia: picha ya darasa lake mwenyewe. Miaka 3,000 iliyopita watoto walikaa mbele ya mwalimu wakirudia kila neno alilolitoa, wote kwa pamoja, bila kitabu.

Darasa hilo bado lipo. Mtoto huanza akiwa na umri wa miaka karibu 8, na huweza kukaa na mwalimu miaka mingi. Kila silabi ina kimo chake cha sauti, kuna ya juu, ya chini na inayoshuka, na ukikosea kimo umekosea neno. Huko Kerala, kusini mwa India, makuhani wanaoitwa Nambudiri humfundisha mtoto kwa mwalimu kumshika kichwa na kukiinua au kukiinamisha kufuatana na sauti, hata mwili nao ukumbuke. Kisha linakuja jambo ambalo sijaona mahali pengine. Mtoto akishaukariri wimbo mfululizo, anafundishwa kuukata neno kwa neno, halafu kuyasokota maneno hayo kwa namna mbalimbali.

Acheni niwaonyeshe, maana redio inafaa kwa kazi hii. Chukueni maneno matatu yetu: mvua, mlima, mto. Namna moja ya kuyasokota inaitwa jata, nayo inakwenda hivi: mvua mlima, mlima mvua, mvua mlima; mlima mto, mto mlima, mlima mto. Namna ngumu zaidi inaitwa ghana: mvua mlima, mlima mvua, mvua mlima mto, mto mlima mvua, mvua mlima mto. Sasa fikirini mtu anakwenda hivyo kwa wimbo mzima, na baada yake wimbo mwingine, na mwingine. Faida yake ni kwamba maana ya sentensi inavunjwa. Sisi tukikariri hadithi, maana inatubeba, na tukisahau neno tunaweka jingine la kufanana nalo bila kujua. Mwenye kukariri mbele na nyuma hawezi kubebwa na maana. Neno likipotea, mnyororo unakatika mbele ya wote.

Ndiyo sababu wasomaji wanaoishi mbali mbali, waliotengana karne nyingi, husoma maneno yaleyale. Mtaalamu wa Kiislamu Al-Biruni, aliyeandika juu ya India karibu mwaka 1030, alikuta Wabrahmani, yaani makuhani wa Kihindu, hawataki Veda iandikwe. Walisema kalamu inaweza kukosea, na haiwezi kushika sauti. Kule Pune, India, zimehifadhiwa nakala 30 za Rigveda zilizoandikwa kwa mkono, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2007 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Kongwe kati ya hizo ni ya mwaka 1464. Na mtu aliyeichapa Rigveda yote pamoja na maelezo yake ya kale, kuanzia 1849 hadi 1874, alikuwa Mjerumani, Max Müller, aliyefanya kazi Oxford na hakukanyaga India hata siku moja. UNESCO ilitambua pia usomaji wenyewe, mwaka 2003, kama urithi wa wanadamu wote.

Sasa twende kwetu. Mwaka 1956, katika kijiji kimoja cha kabila la Banyanga huko Walikale, mzee mmoja aliyeitwa Candi Rureke, shekarisi, yaani msimulizi wa karisi, tenzi za mashujaa, alisimama akaimba na kusimulia habari za shujaa Mwindo kwa siku 12. Mkononi alikuwa na kibuyu cha kuchezesha na mgwisho wake, vijana walimpigia mdundo kwa vijiti, watu walimwitikia, na yeye akacheza yale aliyoyasimulia. Mbelgiji Daniel Biebuyck, pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliyaandika maneno hayo, na mwaka 1969 yakatoka kuwa kitabu nchini Marekani. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanasoma habari za Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliyeamuru wake zake wazae wasichana tu. Wanasoma jinsi Mwindo alivyozaliwa akitembea na kusema, jinsi baba yake alivyomtia ndani ya ngoma akamtupa mtoni, na jinsi alivyomtafuta shangazi yake Iyangura chini ya maji kwa Mukiti, bwana wa maji. Wanamfuata hadi kuzimu kwa Muisa. Wanaona Nkuba, bwana wa radi, akimchukua juu baada ya Mwindo kuliua joka Kirimu, akakaa mwaka mzima akifundishwa na Radi, na Mwezi, na Jua, na Mvua, mpaka aliporudi akiwa chifu mwenye adabu. Nawauliza ninyi mlio na watoto: mtoto wako anajua ngapi kati ya hizi?

Miaka 19 baada ya Rureke, Aprili 1975, katika kijiji cha Panjal huko Kerala, makuhani wa Nambudiri walifanya ibada ya kale ya Agni, ya kujenga madhabahu ya moto. Nayo ilichukua siku 12. Mtaalamu Mholanzi, Frits Staal, aliipiga filamu. Walijenga madhabahu yenye umbo la ndege kwa matofali zaidi ya elfu moja, wakasoma Veda mchana na usiku. Zamani mbuzi walichinjwa. Safari hii, kwa sababu watu wengi walipinga, mahali pa mbuzi waliweka unga wa mchele uliofungwa katika majani ya migomba. Staal alieleza wazi kwamba kuna mengi ambayo makuhani hao huyasema bila kushughulika na maana yake. Kwao kazi ni kulisema neno sawasawa. Maana ni shughuli nyingine, ya wasomi wengine.

Ukiziweka siku 12 za Panjal karibu na siku 12 za Walikale, unaweza kudhani ni jambo moja. Hapana. Rureke hakukariri. Katika karisi yake alijiingiza mwenyewe, akaimba habari zake, akawatania waliokuwa mbele yake, akarefusha pale watu walipofurahi. Msimulizi mwingine angemzaa Mwindo kwa njia nyingine, na Biebuyck mwenyewe alichapa mwaka 1978 karisi nyingine za Banyanga zinazotofautiana na ile ya kwanza. Ukimwambia shekarisi asome mbele na nyuma bila kugeuza silabi, umemuua. Kwa hiyo wanaosema kwamba Mwindo ndiye Veda yetu, mimi nawakatalia. Karisi ni ndugu wa Mahabharata. Wahindu wenyewe wanatenganisha. Veda wanaihesabu kuwa kilichosikiwa tangu mwanzo na hakiguswi; tenzi wanazihesabu kuwa kilichokumbukwa, na kila jimbo, kila lugha, kila bibi mbele ya wajukuu anazisimulia kwa namna yake. Wameishi na vyote viwili, kila kimoja na nidhamu yake.

Na sisi, kitu chetu kisichoguswa ni kipi? Nadhani ni maneno ya kumtawaza mwami, yaani chifu. Bahunde, Banyanga, Batembo, wote wana watu wa ukoo fulani waliopewa kazi ya kumsimika mwami, na maneno ya siku ile si ya kila mtu wala hayabuniwi papo hapo. Hayo ndiyo yangehitaji darasa la vyura, mwalimu na mwanafunzi neno kwa neno. Na hayo ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Karisi ikisahauliwa kipande, msimulizi hodari anaziba. Neno la kutawaza likisahauliwa, hakuna mwenye ruhusa ya kuziba.

Vita vimefanya nini hapa? Watu hudhani kwamba hasara yetu ni karatasi zilizoungua, vitabu vya parokia, daftari za chifu. Ni hasara kweli. Lakini Veda inatuonyesha kwamba watu wanaweza kukaa bila karatasi kwa miaka elfu moja na zaidi. Wasichoweza kukosa ni mwalimu na mtoto kukaa pamoja miaka ile ya kufundisha. Sisi tumekimbia, tumerudi, tumekimbia tena. Mzee yuko kambini, mjukuu yuko kwenye machimbo upande wa Rubaya, na mwenye kuitikia karisi amehamia Uganda. Hapo ndipo mnyororo ulipokatika.

Nisingekuwa mkweli nikiwasifu Wahindu kwa kila kitu. Ukali ule wa kutunza Veda ulikuwa na milango iliyofungwa. Sheria za baadaye zilimkataza mtu wa tabaka la chini hata kuisikia, na wanawake nao wakafungiwa nje, ingawa Rigveda yenyewe ina nyimbo zinazohesabiwa kuwa za wanawake, kama Ghosha, Lopamudra na Apala. Naona huo ulikuwa udhalimu, na pia ulikuwa hatari kwa Veda zenyewe, maana kitu kinachojulikana na wachache hufa na wachache. Mwaka 1875 mtawa Dayananda Saraswati alianzisha huko Bombay chama cha Arya Samaj, akafundisha kwamba Veda ni ya kila mtu, mwanamume na mwanamke, wa tabaka lolote. Chama hicho kilifika Afrika yetu ya Mashariki mapema pamoja na mafundi na makarani waliokuja na reli ya Uganda. Tawi la Nairobi lilianza mwaka 1903, likafungua shule, na za wasichana zikiwemo. Kwa hiyo mjini Nairobi, umbali wa safari ya basi kutoka hapa, kuna wasichana waliosoma beti ambazo bibi wa bibi zao walikatazwa kuzisikia.

Nalisema hili kwa sababu na huku kuna wazee wanaosema afadhali maneno yafe kuliko kumfundisha binti, au kijana wa ukoo mwingine. Baba zangu, kwa heshima zote, siafikiani nanyi. Kama kuna sehemu iliyo siri, ibaki siri, ninyi ndio wenyewe, na redio haitawalazimisha. Lakini karisi haikuwa siri kamwe. Iliimbwa uwanjani, watoto wakiwa miguuni pa wakubwa.

Tufanye nini basi? Simu zipo, hata huku Kibabi, na zinanasa sauti. Anayekaa na mzee anayejua kipande cha Mwindo, au cha hadithi yoyote ya Bahunde na Batembo, amnase. Lakini msitafute ile moja ya kweli; naseni wazee wawili, watatu, mtunze tofauti zao zote, maana hapo ndipo karisi inapokaa. Mwacheni mzee aimbe, msimkatize ili aeleze maana, maelezo yatakuja kesho yake. Waiteni wa kuitikia na wa kupiga vijiti, kwa sababu mzee akisimulia peke yake mbele ya simu hufupisha nusu. Andikeni jina lake, kijiji chake, siku, na alijifunza kwa nani. Halafu, baada ya kunasa, mpeni kijana mmoja wa kukaa naye, awe mvulana au msichana, aanze na kile kipande cha ngoma iliyotupwa mtoni, maana watoto hukipenda, na mzee amrekebishe kila akikosea wimbo. Simu hainasi kosa la mwanafunzi. Hilo linataka sikio la mzee.